Acheni Kuitafuta "Asili" ya Wimbi Kubwa

Watu wakitoka kwenye makumbusho ya chapa za mbao za Kijapani huuliza swali lile lile: "Hizi ni nakala, mchoro wenyewe wa Hokusai uko wapi?" Wanamsema mchoraji wa Kijapani aliyebuni Wimbi Kubwa, picha mashuhuri ya bahari. Mchoro huo haupo. Uliishia chini ya kisu cha mchongaji.

Mchoraji huchora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji huibandika kifudifudi kwenye ubao wa mcheri kwa gundi ya mchele, husugua mgongo wake kwa vidole mpaka mistari ionekane, kisha huchonga karatasi na mbao kwa pamoja. Mchoro unaliwa hapo hapo. Kilichokusudiwa tangu mwanzo ni chapa, na British Museum inazo tatu za Wimbi Kubwa, lililotoka mnamo 1831. Zote ni asili.

Ila hazilingani, na hapa ndipo pa kukazia macho. Mbao huchakaa. Angalia kisanduku cha jina, juu kushoto: katika chapa za mwanzo mstari wa fremu yake ni mzima, katika za baadaye umekatika. Lakini msikimbilie kuhukumu kwa mstari mmoja. Mstari hafifu huenda ni ubao uliochoka, huenda ni mchapaji aliyepaka wino kidogo asubuhi hiyo. Hata sisi tunaozishika kila siku husita, na anayesema hasiti simwamini.

Kosa jingine: ubao haugongwi kama muhuri. Ubao hulala, karatasi yenye unyevu huwekwa juu yake, kisha mgongo husuguliwa kwa bareni, kisahani kilichofunikwa ganda la mwanzi. Kila rangi ina uso wake wa ubao, na kila uso una alama mbili za kento, moja ya pembe na moja iliyonyooka, za kuegemeza karatasi. Karatasi ikikauka katikati ya kazi, hunywea. Rangi hutoka nje ya mstari hata kento ikiwa sahihi.

Giza la ukumbini nalo si ubahili. Buluu ya Prusia hustahimili, lakini nyekundu ya maua ya kartamu hufifia kwa mwanga, na buluu ya ua la tsuyukusa huharibiwa hata na maji. Zambarau iliyochanganywa kwa hizo mbili hugeuka kahawia. Ndiyo maana mwanga hushushwa hadi kama luksi 50 (kipimo cha mwanga). Makumbusho ya Ota Memorial, Tokyo, hubadilisha maonyesho karibu kila mwezi, na ukumbi wa kudumu wa makumbusho ya Sumida Hokusai, pia Tokyo, hutumia nakala za kisasa. Tazama ratiba kabla ya kukata tiketi.

Ukifika, inama, utazame kwa ubavu. Kwenye theluji na nguo nyeupe utaona mabonde yaliyobonyezwa bila wino. Picha ya simu haiyaoni.