Mguu umekatwa, mbona bado unauma?

Kuna kipimo cha kigutu kisichohitaji mashine. Daktari hugonga polepole kwa ncha ya kidole, hapa na pale. Akifika mahali fulani mgonjwa hushtuka kama aliyepigwa shoti, na mara nyingi husema umeme umekimbilia kwenye vidole ambavyo havipo tena. Hapo ndipo penye neuroma, yaani uvimbe kwenye ncha ya neva (mshipa wa fahamu) iliyokatwa.

Neva ikikatwa, sehemu inayobaki mwilini haifi. Nyuzi zake huota upya, takriban milimita 1 kwa siku, zikitafuta msuli au ngozi ya kuhudumia. Zikikosa, hujisokota zikawa uvimbe, na mguu bandia ukiugandamiza, mtu havai tena. Wagonjwa hawa huambiwa ni mawazo tu, au kuna mkono wa mtu. Si kweli.

Upasuaji wa zamani ni kuivuta neva, kuikata juu zaidi na kuiacha irudi ndani ya nyama, au kuifukia kwenye msuli. Wapo wanaopona. Lakini ncha mpya nayo huota neuroma yake. Tunachoomba ni iwe mahali pasipobanwa.

Siku hizi neva hupewa kazi. Huko Chicago, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, madaktari Todd Kuiken na Gregory Dumanian walianza kuunganisha neva iliyokatwa na tawi dogo linaloendesha msuli wa jirani. Nia yao haikuwa maumivu hata kidogo: walitaka mtu aongoze mkono bandia wa umeme. Nafuu ilionekana baadaye, na mwaka 2019 jaribio la wagonjwa 28 lilionyesha kwamba maumivu ya kiungo kisichokuwepo yalipungua zaidi kwa waliounganishiwa neva hivyo kuliko kwa waliofukiwa neva kwenye msuli.

Daktari wa upasuaji Paul Cederna wa Chuo Kikuu cha Michigan alikuja na njia nyingine: kipande cha msuli cha sentimita 3 hivi huviringishwa kwenye ncha ya neva na kushonwa. Haina haja ya kusaka tawi. Kwa hospitali zetu nyingi, naiona hii ndiyo inayofikika. Zote mbili zaweza kufanywa siku ileile ya kukata kiungo, hivyo uliza mapema.

Kwa mwenye kigutu cha zamani, kwanza huchomwa sindano ya ganzi kando ya neuroma. Maumivu yakitulia kwa saa chache, kisu kina nafasi ya kusaidia. Yasipotulia, tunatafuta usaha, ncha ya mfupa, damu isiyofika vizuri, au mguu bandia usiokaa sawa, ambao fundi huurekebisha bila upasuaji wowote.