Je, wajua ni kwa nini tufe la Fritz Koenig halikusambaratika minara ya New York ilipoanguka?

Septemba 11, 2001, majengo mawili ya World Trade Center, yenye ghorofa 110 kila moja, yalishambuliwa na kuporomoka New York, na kifusi chake kikafunika uwanja uliokuwa katikati. Saruji iligeuka vumbi. Nguzo za chuma zilipindana. Katika fukuafukua iliyofuata, likaonekana tufe kubwa la shaba: limebonyea, limetoboka sehemu ya juu, lakini bado ni tufe. Aliyekuwa akilipita kila siku kwenda kazini angelitambua mara moja. Lilikuwa kazi ya Mjerumani Fritz Koenig, na lilikaa pale tangu 1971.

Wako waliosema ni muujiza. Sina ugomvi na imani ya mtu, ila sehemu kubwa ya jibu imo katika namna lilivyoundwa.

Sanamu hiyo ina kimo cha mita 7.6 na uzito unaozidi tani 20. Ukisikia tani 20 utadhani ni pande moja la shaba lililojaa hadi ndani. Sivyo. Ni ganda lenye uwazi ndani, lililoundwa kwa vipande 52 vilivyosubiwa kimoja kimoja kisha vikaunganishwa. Shaba ya wachongaji, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, ina tabia moja muhimu: ikipigwa hubonyea kwanza, na kupasuka huja baadaye sana. Kioo hakina subira hiyo, wala saruji. Kwa hiyo kila chuma kilichoangukia tufe lile kilimaliza sehemu ya nguvu zake katika kulibonyeza tu. Halafu kuna umbo. Uzito ukitua juu ya kitu cha mviringo haubaki pale ulipotua, husambaa pembeni na kuteremka chini kwa kuufuata mzingo. Wajenzi wa makuba ya misikiti wameutegemea ukweli huu kwa karne nyingi.

Bahati nayo tusiinyime haki yake. Lakini tazama kilichoipata sanamu nyingine ya hapo hapo, ya Mmarekani Alexander Calder, iliyotengenezwa kwa mabamba ya chuma yaliyosimama kama mbawa. Ilipatikana vipande vipande, tena si vyote. Zulia kubwa la ukutani la Joan Miró, lililokuwa ndani ya jengo, lilipotea kabisa.

Koenig alizaliwa Würzburg mwaka 1924 na kukulia Landshut, mji wa Bavaria. Ujana wake uliishia katika Vita vya Pili vya Dunia, upande wa mashariki, na alipotoka huko akaingia chuo cha sanaa cha Munich mwaka 1946 kujifunza uchongaji. Mwaka 1964 akawa profesa katika chuo kikuu cha ufundi cha mji huo huo, akifundisha wasanifu majengo namna ya kufikiri kwa maumbo. Makazi yake yalikuwa Ganslberg, nje kidogo ya Landshut, shambani, alikofuga farasi wa Kiarabu. Alikuwa pia mkusanyaji mkubwa wa sanaa za Afrika, jambo ambalo magazeti yaliyoandika habari za tufe lake hayakulijali sana.

Nadhani lilistahili kujaliwa. Watu anaowachonga Koenig hawana macho wala pua: kichwa ni tufe, mwili ni mche wa duara, mikono wakati mwingine haipo. Ukizizoea sanamu hizo, lile tufe la New York huwezi tena kulitazama kama jometria tupu. Lina mwili. Jina alilolipa kwa Kijerumani, Große Kugelkaryatide, linamtaja yule mwanamke wa mawe anayebeba paa katika mahekalu ya Wagiriki. Wenyeji wa jiji walilifupisha wakaliita Tufe, basi.

Aliyemchagua kwa kazi hiyo alikuwa Minoru Yamasaki, msanifu wa minara yenyewe. Sanamu iliunganishwa Bremen, Ujerumani, ikapakiwa melini ikiwa nzima hadi Manhattan, ikasimamishwa katikati ya chemchemi ya maji, ikizunguka polepole, mzunguko mmoja kwa saa 24. Yamasaki alikuwa amewahi kujenga Saudi Arabia, na wachambuzi kadhaa wa usanifu wameandika kwamba uwanja ule ulifuata mpangilio wa Msikiti Mtukufu wa Makka, tufe likiwa mahali pa Al-Kaaba. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba ni ishara ya amani ya dunia kupitia biashara. Wafanyakazi wa maofisini walikaa kando yake wakila chakula cha mchana, na kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi kwa sanamu ya uwanjani.

Baada ya kufukuliwa, vipande vilihifadhiwa karibu na uwanja wa ndege wa JFK. Ukaja mpango wa kuisimamisha tena, na Koenig akaupinga. Kwake ilikuwa maiti, nzuri lakini maiti. Baadaye akabadili msimamo, akavuka bahari akiwa na miaka 77 na kusimama pamoja na mafundi chuma wakiiunganisha katika bustani ya Battery Park, ikazinduliwa hapo Machi 11, 2002, miezi sita kamili baada ya shambulio. Mabonyeo hayakunyooshwa, tundu halikuzibwa. Uamuzi mzuri huo, maana sanamu iliyokarabatiwa ingekuwa kama mpya, na mpya isingekuwa na la kusema pale.

Kumbukumbu za vifo hazikuwa ngeni kwake. Ndiye aliyetengeneza mnara wa Ujerumani Magharibi katika kambi ya mateso ya Mauthausen, Austria, na mwaka 1995 akaweka katika bustani ya Olimpiki ya Munich boriti ndefu ya mawe yenye majina ya wanamichezo wa Israeli na polisi Mjerumani waliouawa mwaka 1972. Hizo alizipanga mwenyewe. Iliyomletea umaarufu kuliko zote ilikamilishwa na mikono ya watu wengine, wenye nia mbaya kabisa.

Koenig alifariki Februari 22, 2017. Agosti mwaka huo sanamu ilihamishiwa Liberty Park, bustani iliyoinuliwa inayotazama mahali minara iliposimama. Haizunguki tena na haina chemchemi. Mtu huikaribia bila tiketi. Kwa aliye Ujerumani, kutoka Munich hadi Landshut ni treni ya chini ya saa moja, na huko liko jumba la makumbusho ya uchongaji lililochimbwa ndani ya kilima cha Hofberg na kufunguliwa mwaka 1998. Kazi za Koenig ndiyo kiini chake.