Maji kutoka bombani si ushahidi kwamba bomba ni zima

"Maji yanatoka vizuri, sasa barabara wanaichimbia nini?" Swali hili huibuka kila mabomba ya zamani ya katikati ya mji yanapobadilishwa. Wengi huamini bomba ni zima hadi siku lipasuke. Sivyo.

Bomba la chuma huliwa na kutu pande zote mbili. Ndani hujengeka vinundu vinavyobana njia ya maji. Nje ukuta hukonda hadi upate nyufa, na maji huvuja miaka mingi bila kuonekana juu. Kinachonitisha zaidi ni presha kushuka, kwa mfano pampu zikizimika: ufa uliokuwa ukitoa maji huanza kufyonza uchafu wa udongoni. Na jirani yake mara nyingi ni bomba la majitaka, nalo limechakaa.

Hilo la majitaka huliwa na gesi yenye harufu ya mayai viza. Bakteria huigeuza kuwa asidi ya salfa, inayomung'unya zege. Udongo huingia kwenye nyufa ukasombwa, chini ya lami pakabaki uwazi, kisha barabara ikatitia ghafla.

Wala si kila bomba hufukuliwa. Mengine huvishwa kwa ndani bitana ya resini, yaani plastiki ya majimaji inayogandishwa ikawa ngumu, kupitia chemba zilizopo.