Msimamizi wa mirathi Marekani: kodi haizikwi na marehemu

Watu wengi bado wanaamini eti mtu akifa kodi zake zinakufa naye, na kama mali haijafika kile kiwango cha mamilioni ambacho kodi ya mirathi inaanzia (mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 13.99) basi msimamizi hana cha kuripoti. Jamani si kweli, na imani hii inaumiza familia ambazo bado ziko kwenye msiba.

Kuna ritani (taarifa ya kodi ya kipato) ya mwisho ya marehemu mwenyewe, Fomu 1040, tangu Januari mpaka siku aliyofariki. Halafu mirathi nayo inahesabika kama mlipakodi, ina namba yake ya kodi kabisa, sasa chukulia nyumba ina mpangaji wa dola 900 kwa mwezi, pango la mwezi mmoja tu limeshavuka dola 600 za mapato ghafi na hapo Fomu 1041, yaani ritani ya kipato cha mirathi yenyewe, inatakiwa, hata nyumba iwe ya bei ndogo.

Ni kweli mrithi hahesabiwi nyumba aliyorithi kama kipato, nadhani ndo hapo watu walipochanganya. Ila tafuteni tathmini ya thamani ya siku ya kifo na muitunze, maana kwa kawaida mkija kuuza faida inapigwa kuanzia hapo.

Mali ikivuka kile kiwango ndo inakuja Fomu 706, ritani ya kodi ya mirathi, ndani ya miezi 9 tangu kifo.

Na msimamizi asiharakishe kugawa, akiwapa warithi kila kitu huku akijua serikali inadai na mirathi ikabaki tupu, deni linaweza kumfuata yeye mfukoni.