Hesabu za darasani hazina kazi mtaani?

Dhana: Hesabu za sekondari zinaishia kwenye chumba cha mtihani.

Zipeleke kwa wakopeshaji wa mtaani, wale Watanzania waliowabatiza "kausha damu". Utaambiwa riba ni asilimia 10 tu kwa mwezi. Haya, chukua shilingi 600,000 za miezi 6. Riba ikipigwa kila mwezi kwenye mkopo wote, unalipa 60,000 mara 6: riba 360,000. Ikipigwa kwenye deni lililobaki, huku ukipunguza 100,000 kila mwezi, inashuka: 60,000, 50,000, 40,000, hivyo hivyo mpaka 10,000. Jumla 210,000. Asilimia ni ileile, lakini mmoja wenu ameondoka na 150,000 zaidi, na kwa muuza mitumba huo ni mtaji. Kabla hujatia saini uliza: asilimia 10 ya nini?

Dhana: Aliyefaulu darasani hashindwi mtaani, na aliyefeli ndiyo basi tena.

Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto watano wachuuzi wa Recife, Brazil. Wakiwa kwenye biashara, watoto walipatia takriban asilimia 98 ya maswali. Hesabu zilezile zilipoandikwa kishule, bila nazi wala mteja, walipatia asilimia 37. Mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja cruzeiro 35. Habari ya kuongeza sifuri hakuwa nayo: nazi tatu 105, tatu nyingine 210, akaendelea kujumlisha hadi 350. Watoto watano ni wachache, sikatai, ila nenda sokoni ukamsikilize muuza nyanya akikurudishia chenji. Maarifa hayahami yenyewe. Mwalimu anayefundisha asilimia alete fomu ya mkopo darasani, wanafunzi waikokotoe.

Dhana: Kukesha na daftari ndiko kujua.

Kunavusha mtihani wa asubuhi, basi. Tangu 1885 Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe huko Ujerumani, alionyesha kwamba marudio yaliyopishanishwa siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa kwa mkupuo. Watoto wa madrasa wanaohifadhi Kurani wanalijua hilo bila maabara. Anayesomea leseni ya udereva naye ajaribu: alama 10 za barabarani leo, kesho azitaje kitabu kikiwa kimefungwa, na wiki ijayo tena.