Anayeuguza naye anahitaji kuangaliwa

Hospitali imeturudisha nyumbani na mama, wakasema ni tiba shufaa. Wamemkatia tamaa?
Hapana. Ugonjwa usipotarajiwa kupona, kazi inabaki: kutuliza maumivu, kichefuchefu, hofu. Nairobi Hospice inaifanya tangu 1990, Hospice Africa Uganda tangu 1993. Na huduma hii ni ya familia pia, kwa hiyo muuguzi akija, mweleze na habari zako.

Naogopa kumpa mofini, ile dawa ya maumivu makali. Je, ikimuua?
Hofu hii huwafanya wengi wapunguze dozi kimyakimya, mgonjwa akateseka bure. Mofini ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, kwa kipimo alichoandikiwa. Usingoje mpaka alie. Ikifuatwa hivyo haiharakishi kifo. Siku za mwanzo atasinzia, kisha atazoea. Kufunga choo ndiko hakuzoeleki, hivyo omba dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Usiongeze dozi mwenyewe, na akiwa haamshiki au anapumua polepole mno, piga simu kwa muuguzi mara moja. Muulize pia dozi ya usiku ipangwe vipi ili nyote mlale.

Hataki kula, majirani wanasema namuua kwa njaa.
Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu aulizwe. Mwili unaoelekea mwisho hauhitaji chakula kama zamani, na kumlazimisha kunaweza kumpalia. Kijiko kimoja akikitaka, midomo ilowanishwe kwa kitambaa safi, basi.

Ndugu wanatuma pesa tu. Nimechoka.
Pesa haimgeuzi mgonjwa saa 8 usiku. Ila "nisaidieni" haina mwenyewe, kwenye kundi la WhatsApp andika zamu: "Shemeji, Ijumaa unalala hapa." Wa mbali amlipe mtu wa kufua mashuka. Mgeni aliyekuja kutoa pole mwachie mgonjwa saa nzima, wewe uoge, ulale. (Chai atajipikia.) Ukianza kusahau dawa zako za presha, au usingizi hauji hata ukipata nafasi, umeshapita kiasi.

Kuna siku natamani yaishe. Nina roho mbaya?
Wanaouguza wengi huwaza hivyo, na wanampenda mgonjwa wao. Mwambie muuguzi, shehe au padri wako. Lakini ukijiona unakaribia kumpiga mama, au kujidhuru, toka chumbani, mwite mtu akae naye, na useme leo.