Hofu ya kuzungumza hadharani: yanayoaminiwa na ukweli wake

Wengi huamini kwamba msemaji hodari haogopi, na kwamba anayetetemeka hakuumbiwa jukwaa. Si kweli. Mtu anapokodolewa macho na kundi la watu, mwili wake humwaga adrenalini, homoni ya kuutayarisha kukabili hatari, moyo ukaenda mbio na koo likakauka, na hali hiyo huwapata hata wazoefu. Mohandas Gandhi, aliyekuja kuongoza harakati za uhuru wa India, katika kesi yake ya kwanza mahakamani Bombay, alisimama kumhoji shahidi, akakosa la kusema na kuiacha kesi. Lakini mwaka 1893, huko Pretoria, Afrika Kusini, aliwahutubia Wahindi wenzake akiwa amejiandaa vilivyo.

Dhana inayoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba hadhira inaiona hofu yote. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich wa Marekani walionyesha kwamba wasemaji hudhani wasiwasi wao unaonekana kuliko unavyoonekana hasa, na kwamba waliofahamishwa hivyo kabla ya kuhutubia walizungumza vizuri zaidi. Mfikirie anayesoma wasifu wa marehemu msibani: yeye anahisi karatasi inatikisika mkononi kiasi cha kumwaibisha, ilhali waombolezaji wanasikiliza marehemu alizaliwa lini, alisoma wapi na ameacha watoto wangapi. Akiiweka karatasi juu ya meza na kuvuta pumzi kabla ya jina la kwanza, hata huo mtikisiko mdogo hautaonekana.

Wapo pia wanaoshauri kwamba dawa ni kujilazimisha kutulia. Mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2014, aligundua kwamba waliojiambia wana hamasa walihutubia vizuri kuliko waliojiambia wametulia, kwa kuwa moyo unaodunda ni rahisi kuugeuza kuwa ari kuliko kuunyamazisha.

Kukariri hotuba neno kwa neno nako hakumwokoi mtu, maana neno moja likiponyoka, yote yaliyofuata hupotea nalo. Afadhali kushika barabara sentensi ya kwanza na mpangilio wa hoja, kisha kuzisema kwa sauti, ukiwa umesimama, mbele ya ndugu au rafiki, mara kwa mara.

Hata hivyo, hofu ikifikia kumfanya mtu akatae cheo au akimbie masomo, tusimwambie ajikaze tu. Amwone mtaalamu wa afya ya akili, kwa sababu hali hiyo inatibika.